Kocha Aliyetoa Watu kwa Fanta

Siku Kocha alipokuja kumtoa mume wangu, alibeba kreti ya Fanta. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Aligonga mlango wa apatimenti yetu pale Grand Prairie, Texas, akiwa amevaa koti la suti lenye mabega mapana kuliko yake, na nyuma yake alisimama kocha wa timu ya Garland, Mkenya mwenzetu, ambaye usoni ilionekana wazi kwamba hajui ameletwa kufanya nini. Kocha aliomba maji, akanywa. Akauliza hali ya watoto, ya kazi yangu ya uuguzi, ya mama yangu aliyeko Nyeri. Ndipo akasimama katikati ya sebule, akasafisha koo, akaanza hotuba.

"Huyu kijana," alisema akimwonyesha mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa na kitambi na mvi za kutosha, "tumemlea wenyewe. Hana tabia mbaya. Akikosea, mwambieni taratibu. Anasikia."

"Kocha, si ungeni-text tu?" mume wangu akauliza.

"Mtu hatolewi kwa text, bwana."

Tukafungua Fanta, tukanywa, kocha wa Garland akashukuru kwa niaba ya ukoo mzima ambao hakuja nao, na mume wangu akawa mchezaji wa Garland. Mimi nilicheka hadi nikatokwa na machozi. Walipoondoka, nilimkuta mume wangu jikoni ameegemea friji. Akaniambia kwamba hata siku ya harusi yetu hakuna mtu aliyemsifu hivyo. Nikaacha kucheka.

Lazima nieleze mchezo wenyewe, maana kila nikiutaja watu hudhani nasema soka. Huu ni mpira wa Australia. Mpira wake una umbo la yai, unashikwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, na kila upande wa uwanja kuna milingoti minne badala ya goli. Ukipitisha katikati ya milingoti miwili mirefu unapata pointi sita. Ukikosa lakini ukapita pembeni kidogo, bado unapewa pointi moja. Waaustralia wachache waliokuwa wakifanya kazi Dallas na Houston walikumbuka kwao wakaanzisha ligi ndogo, kisha wachezaji wakawapungukia, wakaanza kuchukua yeyote mwenye miguu. Ndivyo sisi tulivyoingia, Warundi na Wakongo wa maghalani na Wakenya wachache wapenda vituko.

Kocha yeye aliujua mchezo kabla ya ligi. Alikaa katika kambi ya wakimbizi Tanzania miaka mingi pamoja na mdogo wake, na majina ya wanaohamishiwa ng'ambo yalipotoka, mdogo wake alipelekwa Australia, yeye akaletwa Texas. Wakawa wanazungumza kwa simu kila wiki. "Tukiongea ya nyumbani tunalia wote wawili," aliniambia, "na kadi inaisha. Nikamwambia, niambie huko wanacheza nini. Tuongee hiyo." Basi akajifunza mchezo wa nchi ambayo hajawahi kuiona, ili apate la kuzungumza na ndugu yake. Ile pointi ya kukosa ndiyo iliyomteka kabisa. Angemshika mgeni bega na kumuuliza, "Nchi gani nyingine umeona wanakupa kitu kwa kukosa?"

Alikuwa mtu wa kufika mapema. Tukifika sisi uwanjani Jumamosi, tulimkuta ameshauzunguka wote na birika lake kubwa, akimwaga maji ya moto kwenye vichuguu vya siafu wekundu wa Texas, wale wanaouma mpaka mguu uvimbe. Kazi yangu pale, hata baada ya mume wangu kutolewa, ilikuwa kufunga vifundo vya miguu kwa plasta kabla ya mechi, na kila mara alikuja kusimama karibu akitazama, kana kwamba mimi ndiye nilihitaji kocha. "Huyo kaza zaidi, dada. Huyo legeza, ana woga, ukimkaza atakumbuka kuumia." Nilimwambia mara nyingi aniachie kazi yangu. Alikubali, na Jumamosi iliyofuata akarudia yaleyale.

Hakupiga kelele. Makocha wengine walipiga mbio kando ya mstari wakitukana jua na mwamuzi, yeye alikunja mikono nyuma akazungumza na viatu vyake. Lakini mpe hotuba! Kuaga, kukaribisha, kufungua chupa, kushukuru mpishi, hapo hakuna aliyemshika. Aliomba Mungu kwa unyenyekevu mkubwa na kuiba kwenye karata bila haya, na ukimkamata alisema alikuwa anapima kama uko macho. Watoto wangu walimpenda sana. Walimjibu kwa Kiingereza, naye aliwasubiri tu, amenyamaza, anatabasamu, mpaka wakachoka na kurudia kwa Kiswahili.

Jambo ambalo sikuwahi kulielewa vizuri ni hili. Kocha aliwachukia watu wanaogawa watu. Angekusimulia habari za kambini na usisikie neno baya juu ya njaa wala mvua, ila akifika kwenye ile meza walikokaa wageni wakisema wewe huku, wewe kule, sauti ilibadilika. Lakini katika ligi yetu nzima hapakuwa na mtu aliyependa kugawa na kuchagua kama yeye. Kila mwaka kabla ya msimu, wachezaji wapya walikusanywa katika mkahawa mmoja wa nyama, na timu iliyomaliza mkiani ilipewa nafasi ya kuchagua kwanza. Waaustralia waliichukulia kama utani wa kunywea bia. Kocha alikuja amevaa lile koti la mabega. Wiki nzima iliyotangulia alikuwa amewatazama hao wapya wakifanya mazoezi, na hakuwatazama wakifanya vizuri. Alisubiri mtu aangushe mpira, ndipo akasogea karibu kumwona uso.

Nafasi ya kwanza ilikuwa yetu kila mwaka, kwa sababu mkia ulikuwa wetu kila mwaka. Ukweli usemwe, tulikuwa wabovu. Tulikuwa na watu wazima hodari wenye magoti ya kuchoka, waliotoka zamu ya ghala asubuhi na kuja uwanjani bila kulala. Mwishoni mwa msimu wa 2017 wasimamizi walituita wakasema, kwa upole, kwamba tukiendelea hivyo timu itavunjwa na wachezaji wagawiwe timu nyingine. Walidhani wanatusaidia. Nilikuwa nimekaa karibu na Kocha nikaona mkono wake ukishika ukingo wa meza.

"Nimeshagawiwa mara moja," akasema kwa Kiswahili, na hakuna Mwaustralia aliyeelewa. "Inatosha."

Hapo ndipo akaanza kuijenga timu upya, na kuijenga kulimaanisha kuibomoa kwanza. Wale wazee waliokuwa bado na thamani aliwapeleka timu nyingine, naye akapewa nafasi za timu hizo za kuchagua vijana. Tupoteze sasa, alisema, tupate baadaye. Kichwani ilikuwa hesabu nzuri. Lakini kwa watu wetu Jumamosi haikuwa mpira tu. Mtu alikuwa amefunga maboksi wiki nzima bila kuitwa kwa jina, na uwanjani alikuwa na jina. Kumwambia aende akaitwe Garland au Lewisville kulimuuma, hata kama ni mwendo mfupi kwa gari. Ndiyo maana ya Fanta. Kwao Burundi, mtu wa thamani akitoka nyumba moja kwenda nyingine, anatolewa kwa kinywaji na maneno. Anayefukuzwa ndiye anaondoka kimyakimya. Kocha alikataa katakata mtu yeyote aondoke kimyakimya.

Timu nyingine zilicheka, kisha zikaanza kuiga. Nilimwona Mwaustralia mzima, mwekundu kwa jua, akisimama sebuleni kwa watu Lewisville na kreti begani, akijitahidi kusema kwamba huyu kijana tumemlea wenyewe.

Halafu kulikuwa na Mama Jeanne, mjane aliyetupikia maharage na ndizi kila mechi. Wanawe wawili walicheza kwetu. Kocha alimtoa mkubwa akaenda Lewisville, na mdogo akabaki. Mama Jeanne hakugusa Fanta yake. Jumamosi iliyofuata alileta sufuria kama kawaida, akaiweka chini, akamwambia Kocha mbele yetu sote, "Unatoa watoto wa wenzako. Wa kwako umemficha kabatini."

Wa kwake alikuwa Fabrice, mwanawe wa pekee. Alizaliwa kambini akakulia Texas, mwenye mbio za ajabu na maneno machache, mengi yao Kiingereza. Mama yake alikuwa amefariki kabla sijawajua. Baba na mwana walifanya kazi ghala moja, wakala sahani moja, na nadhani Kocha hakuwa na mtu mwingine wa kweli hapa duniani ukiondoa ile sauti ya Australia kwenye simu. Kila timu ilimtaka Fabrice. Houston walitoa ahadi kubwa kuliko wote: nafasi zao mbili za mwanzo za kuchagua, na mmoja wao angemwingiza Fabrice katika kampuni ya umeme ajifunze ufundi.

Kocha alikuja kwangu siku hiyo, akakaa kwenye ngazi akikataa kuingia ndani. Aliniuliza kama ufundi wa umeme unalipa kuliko ghala. Nikamwambia sana. Akauliza kama Houston ni mbali. Nikasema asubuhi unaenda, jioni umerudi. Akaitikia kwa kichwa kila jibu, nami nikajua ameshaamua na anatafuta mtu wa kumwambia si vibaya. Nilimwuliza kama amemwuliza Fabrice.

"Nitamwambia vizuri," akasema. "Nitamtoa kuliko nilivyowahi kumtoa mtu."

Na kweli alifanya hivyo. Alikodi ukumbi. Kreti zilipangwa mpaka dirishani, ngoma zikapigwa, watu wa Houston wakaja na mashati meupe. Kocha alihutubia mpaka sauti ikakatika. Alisema huyu ndiye macho yangu, nawapa macho yangu. Mama Jeanne alilia wazi, akaenda akamshika Kocha mikono, wakapatana pale pale. Sisi watu wazima tulitoka tukisema hatujawahi kuona heshima kama ile. Fabrice alikaa kwenye kiti kilichopambwa, ameshika chupa asiyokunywa, na vijana wa rika lake walikuwa wanarekodi.

Jioni ile video zikaenea kwenye simu. Humo vijana walikuwa wameshambandika Fabrice shela na maua kichwani. Wakamwita bibi harusi. Watoto waliokulia huku hawajui desturi ile ila kwenye harusi za binamu zao, na kwenye harusi anayetolewa kwa kreti na ngoma ni msichana. Kocha alikuwa amemvika mwanawe taji, na mwanawe akaona amevuliwa nguo mbele za watu. Kila mmoja alikuwa anasema kweli, ndiyo maana haikuwa na dawa.

Nilikuwepo kwenye maegesho Fabrice alipomwambia.

"You gave me away, Dad. With Fanta."

"Nimekuheshimu, mwanangu."

"Hukuniuliza. Uliwauliza wote, hukuniuliza mimi."

Akaenda Houston. Simu za baba yake alipokea mwanzoni, kisha akawa anajibu kwa ujumbe mfupi, kisha ikawa kidole gumba tu kwenye WhatsApp.

Timu ilijengeka, hilo siwezi kumnyima. Kwa zile nafasi mbili za Houston, Kocha alimchukua Mkongo mmoja mrefu aliyekuwa akicheza kikapu, na Mrundi mmoja aliyeishi Garland ambaye kila mtu alimwona mzito. Ungewaona mwaka 2019! Vijana walicheza wakicheka. Mume wangu alirudi kutoka Garland jioni moja amefungwa nao vibaya, akatupa begi akasema, "Yaani nilitolewa ili haya yanipate?" lakini alikuwa anafurahi. Hakuna aliyetaja tena kuvunja timu. Tukafika fainali, na fainali ilichezwa Houston, dhidi ya Houston, katika lile joto lao linaloshika mwili kama blanketi bichi.

Tulishinda. Nililia, nikapiga vigelegele, nikamkumbatia Mwaustralia nisiyemjua. Mwisho wachezaji walipanga mistari kupeana mikono, na makocha nyuma yao. Nilikuwa karibu. Fabrice alifika kwa baba yake akampa mkono.

"Good game, Coach," akasema, akapita kwa anayefuata.

Kocha alibaki ameunyoosha mkono, na waliofuata waliushika mmoja mmoja. Baadaye vijana walimbeba juu juu na kikombe. Alikuwa anatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Njiani kurudi nilimwambia ajaribu kumrudisha, msimu ujao abadilishane, sasa ana wachezaji wa kutosha wa kuwapa. Akakataa.

"Nimemtoa mbele ya watu, dada. Nikienda kumwomba, nitakuwa nimewaambia Houston hawakumtunza. Na wamemtunza. Arudi mwenyewe akitaka."

Nilikasirika. Nilimwambia desturi yake ni ya mawe. Akatazama barabara mpaka tukafika.

Msimu wa 2020 haukuchezwa. Maghala hayakufungwa, ligi ndiyo ilifungwa, na mimi nikahamishiwa kwenye hema la vipimo katika maegesho ya kliniki, ambako watu walikuja wamekaa ndani ya magari yao, wakashusha vioo, nasi tukawaingizia kijiti puani. Nilikuwa nimejifunika mwili mzima, barakoa, kioo cha uso, hata mama yangu asingenijua. Siku moja kioo kikashuka, na ndani alikuwa Kocha. Lile koti la mabega lilikuwa limetundikwa nyuma.

"Karibu, Kocha," nikasema.

Akatafuta uso wangu ndani ya vile vitu vyote. "Dada! Wamekufungasha!"

Akaniambia habari bila kuulizwa, haraka haraka, kama mtu aliyekaa nayo peke yake. Fabrice amepata mtoto wa kiume. Alikuwa amempigia simu, simu yenye sauti. Alisema, come, Dad, njoo umwone, lakini kapime kwanza kwa sababu mtoto ni mdogo sana. Gari ameshalipeleka likafanyiwa service, matairi yote mapya. Atakwenda Jumamosi.

"Na hutabeba kinywaji," nikasema.

"Sibebi hata maji." Akacheka, akarudisha kichwa nyuma nimpime. Macho yalimtoka machozi, kama yanavyomtoka kila mtu kwa kile kijiti. Nikamwambia hiyo ni kawaida. Akasema anajua, anajua, akaondoka akinipungia mkono mpaka akapinda kona.

Majibu yalipotoka, niliomba nimpigie mwenyewe. Nikamwambia anao ugonjwa. Nikamweleza abaki ndani, anywe maji, apime joto, akishindwa kupumua aite ambulensi. Nikamwuliza kama amenielewa.

"Nimekuelewa. Dada, Fabrice asijue."

"Kocha, anakungoja."

"Namjua yule. Akisikia naumwa atakuja. Ataingia humu ndani, anihudumie, halafu arudi kwa mtoto na haya madudu. Nitamwambia gari limeharibika."

"Akisikia hivyo atadhani hukutaka kwenda. Baada ya yote yale? Kocha, tafadhali."

"Acha adhani," akasema. "Mtoto awe mzima kwanza. Nikipona nitaenda kumweleza."

Majibu ya mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Kazi yangu ilinifunga mdomo, na sijawahi kuichukia kazi yangu kama wiki ile. Nilimpelekea uji, nikauacha mlangoni, nikarudi hadi kwenye ngazi. Alifungua, akanipungia mkono, akafunga. Baada ya siku chache ambulensi ilimchukua. Hospitali ndiyo iliyompigia Fabrice, na wakati huo Kocha hakuwa tena mtu wa kuzungumza.

Kaburini waliruhusiwa watu wachache. Vijana wa timu walibaki nje ya uzio, wamevaa jezi, kila mmoja kando ya mwenzake kwa mbali. Hapakuwa na hotuba. Padre alisoma haraka, upepo ukimchukulia maneno. Mtu aliyewasemea wengine wote aliondoka kimya, na hilo liliniuma kuliko sanduku lenyewe.

Fabrice alinifuata tulipokuwa tunaondoka. Alisimama mbali kama ilivyotakiwa, barakoa imelowa. Akaongea Kiswahili, pole pole, akitafuta kila neno.

"Aunty, ile Jumamosi. Alisema gari limekufa. Nikamwambia fine, whatever, nikakata simu." Akatazama kaburi. "Gari lilikuwa na shida gani?"

Nilimwonyesha uzio. Gari la baba yake lilikuwa limeegeshwa pale, safi, matairi yake mapya yakiwa bado na zile nywele za mpira pembeni. Mume wangu ndiye aliyeliendesha kutuleta.

"Halikuwa na shida yoyote," nikamwambia.